Nyuma ya Stakabadhi

Aliingia dukani kwangu Chang'ombe, jua la saa saba,
Sechelela, karani wa mizani soko la mahindi Kibaigwa,
pumba bado imemkaa kwenye nyusi.
Akatua mfuko wa salfeti juu ya kaunta.
"Ukurasa unachapa shilingi ngapi?"
"Mia tano."
"Na ukiwa umeandikwa nyuma ya stakabadhi?"

Mbele: gunia sabini na mbili, mali ya Chidumizi,
pungufu kilo nne.
Nyuma: Chombo kiliamka saa nane za usiku,
kikauliza kwa Kigogo, huu ni mwaka gani.

Mimi nimechapa barua za kuomba kazi,
mihutasari ya vikao, risala za harusi,
wosia mmoja wenye matusi.
Vidole vyangu havisomi, vinapita tu
kama ng'ombe kwenye shamba lililokwisha vunwa.
Siku ile vilisimama.

Maana sisi wa hapa tumelelewa na tembo yule
aliyekuja kunywa maji, tope likammeza;
watu wakasema idodomya, mji ukapata jina.
Sechelela anasema hakuwa tembo,
wala hakuzama: alitua.
Chini ya wizara na mitaro yetu
kuna mlango, na upande wa ndani
kuna mtu anaosha vyombo.

Anaosha vyombo!
Hapo hapo umeme ukakatika.
Nilikaa gizani saa mbili na robo,
hasara ya duka sikuikumbuka;
nilitaka kujua vyombo ni vya nani,
na ni vya kulia, au vya kurukia.

Alikwisha kuwapelekea wachapishaji, Dar.
Mmoja akajibu: tuletee cha kiada.
Mwingine: mambo ya anga waachie wenye anga.
Sema wewe unayelala Dodoma,
nani ana anga kutuzidi?
Mwezi wa saba, kutoka Mlimwa hadi Bahi,
hakuna wingu hata la dawa.

Tukatoa nakala thelathini. Rimu nilimkopesha.
Jalada nililichora mwenyewe, tembo akatoka kama buli.
"Liache," akasema, "kwani buli si chombo?"

Nikazipanga kati ya picha za pasipoti na bahasha za kaki.
Wiki mbili, kimya.
Kisha Masima, fundi wa kuchomelea mageti,
akachukua moja afunikie chai yake vumbi lisiingie.
Akarudi jioni amekunja uso:
"Chuma cha ukurasa wa arobaini hakichomelewi vile.
Mwambie.
Na cha pili kinatoka lini?"

Juzi akaja kijana wa chuo, nadhifu, kitabu kwapani.
"Nitolee kopi kumi, wenzangu wanakitaka."
Mashine yangu. Wino wangu. Kodi ya pango tarehe tano.
Kurasa mia na sita mara kumi, piga hesabu.
Mkono ukafika kwenye kitufe, ukagoma.
Nikasikia mdomo wangu unasema:
kitabu elfu nne, bei ya chipsi yai.
Mwenyewe yuko Kibaigwa anapimia watu mahindi;
ukitoa kopi hapa, yeye ndiye anayepunjwa kule,
tena kwenye mizani yake.

Akanuna. Akaondoka.
Nikajilaumu mpaka alasiri, nisifiche.
Akarudi na wenzake watatu,
wakachangishana sarafu na noti zilizochakaa,
wakanunua viwili.
Viwili. Nikaviandika daftarini kwa wino mwekundu.

Leo amenipigia: yuko kwenye basi la saa nne,
mfuko mwingine wa salfeti miguuni,
na kile chuma amekirekebisha.
Nimeazima jenereta ya Masima, nimejaza tangi.
Umeme ukitaka kukatika, ukatike.